Dalili za minyoo hufuata safari yao mwilini

Mtoto akisaga meno usingizini, akitokwa na udenda juu ya mto au akitokeza mabaka meupe mashavuni, wengi husema papo hapo kwamba ana minyoo, na dawa hutafutwa siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba kusaga meno hakujapata kuthibitishwa kuwa dalili ya minyoo, udenda wa usingizini ni jambo la kawaida la utotoni, na yale mabaka yenye magamba mepesi kwa kawaida ni tatizo dogo la ngozi kavu ambalo huisha lenyewe kadiri mtoto anavyokua. Upande wa pili wako watu ambao minyoo wanawaumiza kweli na hakuna anayewashuku: kijana anayemaliza kukojoa kwa matone ya damu, mwanamke anayehema baada ya kupanda ngazi chache, mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 35. Watu kama hao huweza kupitisha miezi wakitibiwa maradhi mengine. Pengo hilo, kati ya dalili tunazozihofia na zile tunazopaswa kuzihofia, ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. Tunasema "minyoo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye orodha moja ya dalili, ilhali ndani ya neno hilo wamo viumbe wanaotofautiana mno: mmoja ana urefu wa milimita chache na hutoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi, mwingine hufikia mita kadhaa na kulala utumboni kama utepe, mwingine huishi maisha yake yote ndani ya mishipa ya damu, na mwingine hutambaa chini ya utando wa jicho. Anayeuliza dalili za minyoo ni zipi hawezi kujibiwa vizuri mpaka ijulikane ni mnyoo yupi, amefika hatua gani ya safari yake mwilini, na wako wangapi. Suala la safari ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo tutakalolifuata hapa, kwa sababu dalili nyingi hujitokeza mnyoo akiwa bado njiani, au hutokana na mayai aliyoyaacha nyuma, mbali na pale alipo mwenyewe.

Tuanze na idadi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo wanaoambukizwa kupitia udongo, yaani mchango, safura na minyoo wa mjeledi. Wengi wao hawahisi chochote. Sababu yake ni kwamba minyoo hawa hawaongezeki ndani ya mtu kama wanavyoongezeka bakteria: yai moja lililomezwa, au mnyoo mchanga mmoja aliyepenya ngozi, hutoa mnyoo mmoja, na mayai anayoyataga mnyoo huyo hayawezi kumwambukiza mtu mpaka yatoke nje na kukomaa kwenye udongo. Wingi wa minyoo tumboni basi ni hesabu ya maambukizi mapya yaliyorundikana, moja juu ya jingine. Hata mahali ambapo karibu kila mtu ameambukizwa, watu wachache ndio hubeba sehemu kubwa ya minyoo wote, huku wengine wakibeba wawili watatu. Mwenye minyoo watatu na mwenye minyoo mia tatu wote wataambiwa na maabara kwamba wameonekana na mayai, lakini miili yao haifanani hata kidogo. Ndiyo maana mganga makini akiona mayai machache kwenye choo cha mtu anayelalamika maumivu makali ya tumbo hutoa dawa, kisha huendelea kutafuta, kwa sababu huenda minyoo wale hawahusiki.

Sasa tumfuate mchango, yule mnyoo mviringo ambaye jike lake hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35. Mayai yake huingia mwilini kwa chakula, maji au vidole vyenye udongo. Mtu angetarajia yai lianguliwe utumboni na mnyoo akae hapo hapo akikua. Sivyo. Kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga aliyetoka kwenye yai, hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita kwenye ini, hufika mapafuni, hupenya kwenye vifuko vya hewa, hupanda na njia ya hewa hadi kooni, kisha humezwa tena, na ni katika safari hiyo ya pili ndipo anapokaa utumboni na kukomaa. Daktari wa Japani, Shimesu Koino, aliithibitisha njia hiyo kwa mwili wake mwenyewe mwaka 1922: alimeza mayai 2,000 ya mchango, akaugua vibaya kifua siku chache baadaye, na akawakuta viluwiluwi kwenye makohozi yake.

Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa. Dalili ya kwanza ya mnyoo wa tumbo huweza kuwa ya kifua: wiki moja hadi mbili baada ya kumeza mayai mengi, mtu hupata kikohozi kikavu, kifua hubana na kutoa mluzi kama wa mwenye pumu, homa hupanda kidogo, na pengine makohozi huwa na chembe za damu. Picha ya eksirei huonyesha madoa ambayo leo yako hapa na baada ya siku kadhaa yako kwingine; Wilhelm Löffler wa Uswisi aliieleza hali hiyo mwaka 1932, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kisha yote hutoweka yenyewe. Ukipima choo wakati kikohozi kimepamba moto hutaona hata yai moja, kwa sababu jike huanza kutaga miezi miwili hadi mitatu tangu siku ya kuambukizwa. Kipimo kinasema hakuna minyoo, na kwa siku ile kinasema kweli kuhusu choo, ilhali viluwiluwi wako mapafuni.

Wakishatulia utumboni, michango wachache hukaa kimya kabisa. Wakiwa wengi, tumbo hujaa na kunguruma, maumivu ya vipindi huja kuzunguka kitovu, kichefuchefu hutokea, na mtoto huacha kuongezeka uzito. Watu wengi huamini kwamba mwenye minyoo hula kupita kiasi kwa kuwa anakula na wenzake wa tumboni. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kinyume chake: hamu ya chakula hupungua, na kile kidogo kinacholiwa hakifyonzwi vizuri. Mzazi anayengoja mtoto awe mlafi ndipo ashuku minyoo atangoja bure.

Hatari ya kweli ya mchango hutokana na ukubwa wake na tabia yake ya kupenya kwenye matundu. Minyoo wengi wakijisokota pamoja huweza kuziba utumbo mwembamba, hasa wa mtoto mdogo: tumbo linavimba na kuwa gumu, maumivu yanakuja kwa nguvu na kuachia, mtoto anatapika matapishi ya kijani ya nyongo, hapati choo wala hewa haitoki, na wakati mwingine mnyoo hutoka kwenye matapishi. Hali hiyo inahitaji hospitali yenye upasuaji saa ile ile, na si wakati wa kujaribu dawa ya minyoo nyumbani. Mchango mmoja tu akiingia kwenye mfereji wa nyongo hutosha kuleta maumivu makali chini ya mbavu za kulia, homa na macho kuwa ya manjano, na akiziba mfereji wa kongosho huleta maumivu yanayopenya hadi mgongoni.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwatisha wazazi na hutafsiriwa vibaya. Mtoto ana homa kali, na ghafla mnyoo anatokeza puani au mdomoni. Inaonekana dhahiri kwamba mnyoo ndiye aliyeleta homa. Mara nyingi mambo yako kinyume: joto la mwili limemsumbua mnyoo aliyekuwa ametulia, naye ameanza kutafuta pa kutokea. Homa hiyo ina sababu yake nyingine, na sababu hiyo isipotafutwa kwa kuwa mnyoo ameonekana, mtoto anaweza kupoteza maisha kwa ugonjwa ambao ungetibika.

Safura naye hupita mapafuni, lakini mlango wake wa kuingilia ni ngozi. Arthur Looss, mwanasayansi Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Misri mwishoni mwa karne ya 19, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi wa safura. Ngozi ikamuwasha na kuwa nyekundu, na baadaye akayaona mayai ya safura kwenye choo chake mwenyewe. Kwa watu wengi muwasho huo hutokea kati ya vidole vya miguu au kwenye unyayo uliokanyaga udongo wenye unyevu, ukiwa na vipele vidogo vinavyodumu siku kadhaa, na kwa kawaida hudhaniwa kuwa fangasi. Kisha hufuata kikohozi chepesi au mkwaruzo wa koo, kisha maumivu ya tumbo la juu, kisha kimya kirefu. Ndani ya kimya hicho ndimo madhara makubwa ya safura yanapojengeka.

Mnyoo wa safura ana urefu wa sentimita moja hivi na hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo akinyonya damu. Mnyoo mmoja wa aina iitwayo Ancylostoma duodenale humpotezea mtu takribani mililita 0.2 za damu kila siku, na Necator americanus takribani mililita 0.03. Vinaonekana kuwa vipimo visivyo na maana mpaka uvizidishe. Minyoo 100 wa aina ya kwanza humwaga mililita 20 kwa siku, damu yenye takribani miligramu 10 za madini ya chuma, na ingawa sehemu ya chuma hicho hufyonzwa tena chini zaidi utumboni, mtu mzima mwenye afya hujipatia miligramu moja hadi mbili tu za chuma kwa siku kutoka kwenye chakula chake chote. Mwili hulipa deni hilo kutoka kwenye akiba, akiba huisha, na hapo damu huanza kupungua. Choo hakiwi chekundu, wala hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema ndipo alipoanza kuugua.

Mtu huyo mkalishe karibu na dirisha, mvute kidogo kope ya chini ya jicho, uangalie utando wa ndani. Unapaswa kuwa mwekundu kama ufizi wenye afya. Kwake umepauka karibu na weupe. Mwambie afungue viganja na kuvikunjua hadi mwisho: mistari ya kiganja, ambayo huwa na rangi iliyokolea, imefifia. Huenda kucha zake zimebonyea katikati kama kijiko kidogo. Atakuambia kwamba moyo unamwenda mbio akitembea haraka, kwamba masikio yanavuma, kwamba amekuwa na hamu isiyo ya kawaida ya kula udongo, chaki au barafu. Ugonjwa ukikomaa miguu na uso huvimba, na moyo wenyewe huchoka. Jina safura lina asili ya Kiarabu, kwenye neno la rangi ya manjano, na kwa kweli ngozi ya mtu aliyekaa muda mrefu na ugonjwa huu hupauka ikielekea umanjano. Kwa mjamzito upungufu huo huongeza hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo, na kwa mtoto wa shule huonekana kama uvivu na kutoelewa masomo, naye huadhibiwa kwa jambo ambalo liko kwenye damu yake.

Minyoo wa mjeledi nawapitia haraka. Hukita sehemu yao nyembamba kwenye ukuta wa utumbo mpana, na wakiwa wachache hawasemi kitu. Wakiwa mamia huleta kuharisha kwa muda mrefu kulikochanganyika na kamasi na damu, haja inayomsukuma mtu chooni mara kwa mara bila kutoka kitu, na kwa mtoto aliyedhoofu sehemu ya mwisho ya utumbo huweza kutokeza nje. Mtoto wa namna hiyo hudumaa kimo.

Wale minyoo wadogo weupe, wembamba kama uzi, wanaowasumbua watoto hata katika nchi tajiri kabisa, wana dalili moja kuu na wakati wake maalumu. Jike, mwenye urefu wa milimita 8 hadi 13, hutoka usiku kupitia njia ya haja kubwa, hutaga mayai yapatayo elfu kumi au zaidi kwenye ngozi inayozunguka, kisha hufa. Muwasho wa mtoto huanza saa chache baada ya kulala, naye huamka analia, hujikuna na kulala vibaya, na kesho yake hana utulivu. Kwa msichana minyoo huweza kupotea njia na kuleta muwasho na majimaji ukeni. Kumpima choo hakusaidii sana kwa sababu mayai hayatagwi ndani. Kinachosaidia ni kumulika kwa tochi saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, ambapo unaweza kuwaona wakijisogeza kama vipande vya uzi mweupe, au kubandika kipande cha tepu angavu kwenye ngozi hiyo asubuhi kabla hajaoga wala kwenda haja, kisha kukibandika kwenye kioo cha hadubini. Mayai yake huwa tayari kuambukiza ndani ya saa chache tu, yakiwa chini ya kucha na kwenye mashuka, kwa hiyo mtoto hujiambukiza upya kwa vidole vyake. Dawa huua minyoo lakini haiui mayai. Ndiyo maana nyumba nzima hunywa siku moja na kurudia baada ya wiki mbili. Anayemnywesha mtoto mmoja mara moja, kisha akalalamika kwamba dawa ni hafifu, ameionea dawa.

Tegu ni mfano wa jinsi dalili inavyoweza kuwa ndogo kwa mnyoo mkubwa. Tegu wa ng'ombe huweza kufikia mita 10, na bado mwenye naye huenda asijue mpaka aone kwenye choo au kwenye nguo ya ndani vipande bapa, vyeupe, vinavyojongea. Huo mjongeo ndio unaomtisha, na kwa kawaida ndio dalili pekee pamoja na kichefuchefu kidogo.

Tegu wa nguruwe ni jambo jingine, na hapa naomba msomaji asome polepole kwa sababu watu wengi wamelielewa visivyo. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu, isiyoiva, hupata mnyoo utumboni, na mnyoo huyo peke yake hana madhara makubwa. Lakini mtu huyo sasa anatoa mayai kwenye choo chake, na yeyote atakayeyameza mayai hayo, kwa maji, kwa mboga au kwa mikono isiyonawiwa, hatapata tegu utumboni. Viluwiluwi watatoka utumboni mwake kwa njia ya damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho na ubongo. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kuugua ugonjwa wa tegu wa nguruwe ubongoni, na mtu anayeishi na mwenye tegu yuko hatarini kuliko mwingine yeyote. Dalili zake ni kifafa, maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutapika na kuona vibaya presha inapopanda ndani ya fuvu, na pengine vivimbe vidogo vigumu vinavyohisika chini ya ngozi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu asilimia 30 ya watu wenye kifafa wanao kwa sababu yake. Kifuko chenye kiluwiluwi hai hufaulu kujificha na mwili haukibughudhi kwa miaka. Ni kinapokufa ndipo kinga ya mwili inapokigundua, uvimbe unatokea na kifafa kinaanza. Kwa sababu hiyo hiyo dawa inayoua vifuko huweza kuamsha kifafa, na mtu mwenye historia ya kuanguka au maumivu ya kichwa yasiyoeleweka anapaswa kumweleza daktari kabla ya kumeza dawa yoyote ya minyoo.

Kichocho kinaonyesha wazi kuliko vyote kwamba si lazima mnyoo mwenyewe ndiye aumize. Viluwiluwi wanaotoka kwa konokono wa maji baridi hupenya ngozi ya mtu aliye majini ndani ya dakika chache. Ngozi huwasha siku hiyo au inayofuata, kisha huacha. Wiki kadhaa baadaye, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na kichocho, hutokea homa, jasho, uchovu mkubwa, kikohozi na vipele vya kuwasha, hali ambayo hutibiwa kama malaria au homa ya matumbo bila mafanikio. Minyoo wakishakomaa, dume na jike hukaa wawili wawili ndani ya mishipa ya damu kwa miaka mitatu hadi kumi, na wengine muda mrefu zaidi ya huo, bila mwili kuwahisi. Theodor Bilharz aliwagundua huko Cairo mwaka 1851.

Kinachoumiza ni mayai. Takribani nusu hufanikiwa kutoboa na kutoka kwa mkojo au choo, na nusu nyingine hukwama kwenye nyama ya mwili, ambako kinga huyazungushia makovu. Kwa kichocho cha mkojo, damu huonekana hasa mwishoni mwa kukojoa, wakati kibofu kinapojibana. Mwanzo wa mkojo unaweza kuwa safi kabisa na matone ya mwisho yakawa mekundu. Miaka ikipita kibofu hukakamaa, mirija ya mkojo huziba, figo huharibika, na hatari ya saratani ya kibofu huongezeka. Kwa wanawake mayai yaleyale hukwama kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, majimaji, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Ni dhuluma inayoniumiza kila ninapoifikiria: wanawake hao hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyo nayo, hushukiwa na waume zao, na mwaka unaofuata dalili ziko palepale. Kichocho cha utumbo nacho huleta damu chooni mwanzoni, kisha ini na wengu hukua, tumbo hujaa maji, na mishipa iliyovimba kwenye umio huweza kupasuka, mtu akatapika damu. Dawa za kawaida za minyoo, albendazo na mebendazo, hazigusi kichocho. Kinachotibu ni prazikwanteli, na mtu anaweza kumeza dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita kwa uaminifu huku kichocho kikiendelea kumla.

Minyoo wanaoenezwa na wadudu nao hawana habari na tumbo. Wa matende huishi kwenye mishipa ya limfu, na miguu au korodani huvimba baada ya miaka mingi ya uharibifu wa kimyakimya. Wa usubi hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi, na watoto wao wadogo mno husambaa wakileta muwasho usiovumilika, ngozi kukunjamana, na hatimaye upofu wafikapo machoni. Mnyoo aitwaye Loa loa huleta vivimbe vinavyohama mkononi au usoni, na mara nyingine mtu humwona kwenye kioo mnyoo huyo akivuka jicho lake.

Baada ya yote haya, ni wazi kwa nini kipimo kimoja cha choo hakiwezi kujibu kila kitu. Mayai hayatoki kwa usawa kila siku, ndiyo maana sampuli tatu za siku tofauti ni bora kuliko moja. Mkojo wa kutafuta kichocho huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai mengi hutoka, ilhali damu ya kutafuta minyoo wa matende katika maeneo mengi huchukuliwa kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, kwa kuwa watoto wa mnyoo huyo hujitokeza kwenye damu saa ambazo mbu wao huuma. Saa ni zilezile, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, na sampuli iliyochukuliwa saa isiyo yake huleta jibu la uongo. Kipimo cha damu huweza pia kuonyesha kupanda kwa eosinofili, aina ya chembe nyeupe. Hupanda zaidi viluwiluwi wanapopita kwenye nyama ya mwili, na huweza kuwa za kawaida kwa mtu ambaye michango wake wameshatulia utumboni. Kwa hiyo historia ya mgonjwa ina uzito kuliko anavyodhani: alikanyaga udongo gani bila viatu, aliogelea au kufua katika maji gani, alikula nyama gani isiyoiva, na lini.

Nimemwacha mwisho mnyoo mmoja anayevunja kanuni niliyoitaja mwanzoni, kwamba minyoo hawaongezeki ndani ya mtu. Strongiloidi huingia kwa ngozi kama safura, lakini baadhi ya viluwiluwi wake hukomaa kabla ya kutoka na choo, wakapenya tena ukuta wa utumbo au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa, na mzunguko ukaanza upya ndani ya mtu yuleyule. Kwa njia hiyo maambukizi ya siku moja huweza kudumu maisha yote. Baadhi ya askari waliokuwa mateka kwenye ujenzi wa reli ya Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili walikutwa bado wana mnyoo huyu miongo kadhaa baada ya kurudi kwao. Dalili zake ni hafifu: kiungulia, kuharisha kwa vipindi, na mchirizi mwekundu wa kuwasha kwenye matako, kiuno au mapaja, unaosogea sentimita kadhaa kwa saa kisha kupotea. Wengi hawana hata hizo. Lakini mtu huyo akipewa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu ya kinga ya mwili, kwa mfano kwa ajili ya pumu, ugonjwa wa viungo au kupandikizwa figo, breki inayowazuia viluwiluwi huachia. Huongezeka kwa maelfu, huenea mapafuni na hadi ubongoni wakibeba bakteria wa utumboni, na wagonjwa wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Kipimo cha damu kabla ya kuanza steroidi, na dawa ya ivermektini akionekana kuwa na mnyoo huyo, huzuia janga hilo. Daktari ataagiza kipimo hicho ikiwa tu anajua kwamba anahitaji kukiagiza, kwa hiyo mwambie umewahi kuishi wapi na kutembea pekupeku wapi, hata kama ni miaka 40 iliyopita.